Safari ya Olkaria ni Jumamosi, sio Ijumaa tena

Hamjambo wadau, poleni na kazi. Safari ya Olkaria, kule Naivasha kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, tumeisogeza mpaka Jumamosi maana wengi mlisema Ijumaa mnafunga ripoti za mwezi.

1. Gari litatoka Westlands pale Sarit saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tafadhali tusingojane
2. Mchango 2,500 kila mtu, ni ya gari na lunchi, mtumie mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Jumatano jioni
3. Viatu vya kufunga jamani, sio sendo
4. Beba bili za stima za kampuni yako za miezi mitatu, tutazilinganisha njiani

Hii kwa kweli msikose, mvuke wa pale unazalisha stima tangu 1981, mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe, na hapo jirani shamba la Oserian walipeleka joto hilohilo la ardhini kwenye grinihausi za maua, kwa hivyo nyinyi wa viwanda vya chai na maziwa mnaochoma kuni na dizeli kwa boila njooni na maswali yote.

Andika NIPO au SITAWEZA leo kabla ya kulala, nijue kama nichukue matatu ya watu 14 au kubwa zaidi. Asanteni sana.