Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mafundi Vyuma, Kizota, Dodoma

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma Mhazini, na Katibu anayo orodha ya wanachama wapya. Mimi nina jambo moja.

Mnamfahamu kijana wetu aliyekuwa kibarua kwenye mnara wa tenki la maji la shule. Aliona mshono wa kuchomelea wa mguu mmoja haujashika: chuma kimeyeyuka juu tu, chini yake kuna uwazi unaopitisha ncha ya msumari. Alipomwambia msimamizi, akaamriwa apige rangi, mteja anakuja kesho. Alikataa, akafukuzwa. Ndani ya kamati wapo walioona amekosa heshima. Mimi nasimama upande wake.

Tutazame kasoro isiposhughulikiwa inavyogharimu. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX ilianguka Indonesia, wakafa watu 189. Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines, wakafa 157, wakiwamo jirani zetu Wakenya 32. Mfumo wa kompyuta ulisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini taarifa ya kihisio kimoja, nacho kilikuwa kinatoa taarifa mbovu. Ndege za aina hiyo zikazuiwa kuruka duniani kote. Januari 2020 Boeing ikasimamisha kuziunda, na Spirit AeroSystems ya Wichita, Marekani, waliokuwa wakitengeneza bodi zake, wakatangaza kupunguza wafanyakazi 2,800. Mafundi wale hawakuubuni mfumo ule, lakini wao ndio waliorudi nyumbani bila mshahara.

Januari 2024, kipande kinachoziba nafasi ya mlango kilichomoka angani kwenye ndege ya Alaska Airlines, aina ya 737 MAX 9. Uchunguzi ulionyesha kuwa kilifunguliwa kiwandani ili kurekebisha ribiti (pini za kuunganishia mabati) zenye kasoro, kisha kikarudishwa bila boliti nne za kukishikilia. Wafanyakazi wakawaeleza wachunguzi jinsi walivyokuwa wakiharakishwa. Sisi kina nani tushangae? Hata hapa Kizota tunaijua kauli ya "maliza, mteja anakuja".

Uaminifu ukishatoboka hauzibwi kwa rangi. Tulipokwenda na mafundi wawili kuukata mshono ule na kuuchomelea upya, mwalimu mkuu alitushukuru, kisha akauliza: "Na miguu mingine mitatu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikwangua rangi yote mbele yake, mguu kwa mguu, tukamwonyesha kila mshono.

Kwa hiyo kamati inaleta maazimio mawili. Mshono wowote unaobeba uzito usipigwe rangi kabla fundi wa pili hajaukagua na kuweka saini. Na mwanachama akifukuzwa kwa kutaja kasoro, mfuko wa chama umlipe posho mpaka apate kazi nyingine. Najua mfuko ni mdogo. Naomba hili la pili ndilo lipigiwe kura kwanza, na kijana yupo hapa ukumbini. Mwenye swali amuulize mwenyewe.

Mwenyekiti