Kidonge cha mifupa hakinywewi na chai ya maziwa

Mhariri shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mama yangu mzazi ana miaka 68, mwaka huu aliteleza bafuni akavunjika mkono pale kiganja kinapoungana na mkono, na kuteleza kwenyewe wala hakukuwa kwa kutisha, ndo maana tukashangaa. Tukampeleka Dar akapigwa kile kipimo cha DEXA, cha kuangalia uimara wa mifupa, majibu yakaja -2.9, na ukishafika -2.5 kushuka chini hapo ndo wanaita osteoporosisi, yaani mifupa imedhoofika inavunjika kirahisi. Akaandikiwa dawa ya mifupa, alendroneti miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki.

Sasa kilichoniudhi ni pale dirisha la dawa. Dada wa watu kaandika kwenye bahasha "1 kwa wiki", kaita mwingine. Basi bi mkubwa kila Jumapili anaamka, anakimeza na chai ya maziwa na andazi, halafu anajilaza kidogo akisubiri ibada ya pili. Wiki ya tatu kifua kinamuwaka moto, chakula hakishuki, sisi tunadhani vidonda vya tumbo, kumbe ni kidonge. Akaacha kimyakimya, mi nikaja kuvikuta vilivyobaki kwenye kopo lake la vifungo na sindano.

Nikasoma ile karatasi ya ndani ya boksi, maandishi kama sisimizi. Dawa hii inamezwa asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji ya kawaida, sio chai, sio maziwa, maana kalisiamu inaing'ang'ania haiingii mwilini, na hata ukifuata masharti yote inayoingia haifiki asilimia 1. Baada ya hapo nusu saa huli, hulali, unakaa wima au unatembeatembea, ukilala inaweza kukwama kwenye umio ikauchoma. Haya maneno yanasemwa kwa dakika 2 jamani!

Kwenye grupu la familia nako mama mdogo akatuma voisi, eti dawa hiyo inaozesha taya na kuvunja paja. Sio uongo, yapo, ila kwa dozi za mifupa ni nadra sana, taya linawapata zaidi wagonjwa wa kansa wanaochomwa dozi kubwa. Paja nalo ni kwa waliotumia miaka mingi, ndo maana baada ya kama miaka 5 daktari anaangalia upya kama unaweza kupumzika. Wakati huo mfupa usiotibiwa ukivunjika nyonga tunajua yanayofuata, wengi humu tumeuguza bibi aliyelala kitandani hakuinuka tena. Cha kufanya, jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, na ukisikia maumivu ya paja au kinena yasiyoeleweka usinyamaze.

Tuliporudi kwa daktari (huyu wa safari hii mungu ambariki, alikaa akaongea) akatupa njia mbili. Kuna dripu ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka, tumbo haliguswi kabisa, ila lazima figo zipimwe kwanza na kalisiamu isiwe chini, na ukishachomwa mara ya kwanza unaweza kupata homa na mwili kuuma siku 2 au 3, kwa huku kwetu mtu moja kwa moja atasema malaria. Na kuna sindano ya denosumabu kila miezi 6, nzuri tu, figo zikiwa dhaifu wanaweza kuitumia kwa uangalizi, ila ukiikatisha bila dawa nyingine ya kushika nafasi yake mifupa inashuka kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Mi hiyo ndo niliyoikataa, sio kwa ubaya wake, nilijiuliza mwezi wa 6 hela ikikosekana au dawa ikiwa haipo mjini inakuwaje? Wauguzaji wenzangu waulizeni hilo kabla ya sindano ya kwanza, sio ya pili.

Mama kachagua dripu, akachomwa, homa ikaja kweli usiku ule, tukapima malaria hakuna, akanywa panadol na maji mengi, siku ya tatu alikuwa anachambua dagaa kibarazani na kumgombeza mjukuu.

Ninachowaomba wahusika wa hospitali kupitia gazeti lako mhariri, yale masharti ya kidonge yaandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, yabandikwe pale pale kwenye dirisha la dawa.

Msomaji wenu, Morogoro