Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: titi lililovimba lisiishie kwenye antibayotiki

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani, kwenye maduka ya dawa ya Mbagala, Gongo la Mboto na Manzese. Mama titi linamvimba na kupata joto, ananunua antibayotiki, anameza, anangoja. Lisipopona anabadilishiwa dawa. Mimi ni mwalimu wa biolojia, si daktari, lakini nimemwona jirani yangu akipita njia hiyo, dozi juu ya dozi, mpaka alipochukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha titi cha kupimwa maabara, na kukutwa na saratani iliyokwisha kufika kwenye tezi za kwapani.

Sasa kumeongezeka swali jingine. Wanafunzi wangu, na mama zao, wananiuliza kama kweli bakteria wanaleta saratani ya titi. Swali hilo lina msingi. Bakteria wa tumbo aitwaye Helicobacter pylori alitambuliwa rasmi na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 1994, kuwa chanzo cha saratani ya tumbo, na waliomgundua, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tunajua pia jinsi inavyotokea. Chembe nyeupe za damu zikipambana na vijidudu humwaga kemikali kali. Pambano likiisha upesi, mwili unapona. Likiendelea kwa miaka, kemikali zilezile hujeruhi vinasaba vya seli za jirani, na seli hizo zinagawanyika kila mara ili kuziba majeraha. Katika kugawanyika huko ndimo makosa yanamozaliwa.

Kwa titi hatujafika huko. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walipima sampuli 1,526 za aina saba za saratani na kukuta bakteria wengi wa namna mbalimbali zaidi katika uvimbe wa titi. Kuwakuta humo hakuthibitishi kwamba wao ndio walioanzisha ugonjwa. Huenda walihamia uvimbe ukiwa tayari upo. Mwaka huohuo wenzao wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, waliwadunga panya wenye saratani ya titi bakteria Fusobacterium nucleatum, yule anayekaa mdomoni na kuzidi mtu anapougua fizi. Uvimbe ulikua haraka zaidi, ukasambaa, na askari wa kinga walipungua ndani yake. Panya walipopewa metronidazo, kasi hiyo ilirudi chini.

Metronidazo, Ndugu Mganga Mkuu! Hiyo hiyo Flagyl ambayo kila nyumba ya Dar es Salaam inaijua kwa tumbo la kuhara. Habari ya panya hawa ikifika mtaani nusunusu, kuna mwanamke ataimeza kimyakimya kutibu uvimbe asioujua. Vidonge hivyo si tiba iliyothibitishwa ya saratani ya titi. Hili lisemwe mapema, na lisemwe na ofisi yako.

Sikatai antibayotiki. Mama anayenyonyesha akipata maambukizi ya titi, zinamsaidia, na jipu likikomaa hutolewa usaha akapona. Hofu yangu ni ile saratani inayojifanya maambukizi: titi linavimba ghafla, linapata joto, ngozi inakuwa nene yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu inaingia ndani. Vitabu vinasema titi huwa jekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Rangi hukoza tu, na mhudumu anayetafuta wekundu atapitwa. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye titi kikafanana na saratani. Hapo macho hayatoshi, kinachoamua ni kinyama.

Ninachokuomba ni agizo la maandishi kwa kila zahanati, kituo cha afya na duka la dawa mkoani: titi ambalo halijapona ndani ya wiki mbili za antibayotiki lisipewe dozi nyingine. Mama apewe barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya Amana, Temeke au Mwananyamala kwa altrasaundi na kinyama, na tarehe ya kurudi iandikwe. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka lengo la siku 60 tangu mwanamke afike kituoni mara ya kwanza hadi ugonjwa wake ujulikane. Kwetu wengi wanafika Ocean Road, hospitali yetu ya saratani, wakiwa katika hatua za mwisho za ugonjwa, ya tatu au ya nne.

Asiye na bima asikwame kwa bei ya kipimo hicho. Na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wapewe nafasi ya kuzungumza waziwazi kuhusu ile imani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa, maana ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani hata barua ya rufaa ikiwa mkononi.

Nitashukuru jibu lako likibandikwa kwenye mbao za matangazo za kliniki hizo, ambako akina mama watalisoma.

Wako,
Mwalimu wa biolojia, Mbagala