Barua kwa mwanangu: usiung'oe ule waya

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, nakuandikia usiku huu, wewe umelala, kwa sababu mezani hukutaka kunisikiliza. Ulisema geji ya joto la oili imeharibika, utaung'oa waya wake ili mshale usikusumbue mpaka Nairobi. Ukaendelea kula. Mimi samaki hakunishuka tena.

Usiung'oe.

Najua kazi unaijua. Jana nilikuona umeweka mpini wa bisibisi sikioni, ukaitambua valvu iliyolegea kabla hujafungua hata nati moja. Niliingia ndani nikakaa kitandani peke yangu, kwa furaha. Lakini vitu vidogo huna subira navyo, tangu udogoni. Injini utaifungua usiku kucha hulalamiki, waya mmoja unakushinda.

Gari lile si Probox. Porsche 911 S ya 1973 haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo na oili, na oili yenyewe ina tangi lake nje ya injini. Ule mshale ndio wa kwanza kukwambia kuna hatari nyuma ya mgongo wako. Jumamosi utakuwa nyuma ya malori, Mazeras mpaka Mariakani, mwendo wa kusukumana, jua la saa nane, feni inazunguka pole. Mshale utapanda. Utajuaje kama unasema kweli?

Pima kabla hujaondoka. Washa swichi, injini ikiwa imezimwa. Kaka yako akae ndani atazame geji. Wewe nenda nyuma uchomoe waya kwenye sensa, kile kifaa cha kuhisi joto la oili kilichofungwa kwenye injini, uchomoe kwa kupima, si kwa safari. Mshale lazima uanguke chini kabisa. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini, kidogo tu, usiuache hapo, na mshale lazima upande mpaka mwisho wa nyekundu. Ikiwa yote mawili yametokea, geji nzima na waya mzima; wa kushukiwa ni sensa, au oili kweli ina joto. Ukichomoa na mshale ukabaki juu, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Ufuate kwa vidole, hasa pale unapopenya tundu la ukuta wa injini, maana mpira wa pale nimeuona umekauka na kupasuka. Ukigusisha na mshale usitikisike, waya umekatika au geji haipati umeme.

Kuna jambo ulilisema ukalipita haraka: usiku ukiwasha taa, mshale unaruka. Mimi nililishika hilo. Sensa haina habari na taa. Huo ni waya wa geji unaokwenda kwenye bodi, nyuma ya dashibodi, umelegea au umeshika kutu. Geji za gari hili zimebanwa na mpira tu, unaivuta inatoka. Kwangua kutu mpaka shaba ing'ae, kaza. Huenda ugonjwa wote ni huo. Huenda si wote, ndiyo maana nakwambia upime na vingine.

Sensa ipime kwa mita ya umeme ya mkononi ikiwa baridi, kisha utumbukize ncha yake kwenye maji yanayochemka. Ukinzani unatakiwa ushuke taratibu, bila kurukaruka. Hapa kwetu pwani maji huchemka kwa digrii 100. Huko juu Nairobi ni karibu 94, basi usije ukalinganisha namba za huku na za huko. Nyuzi zake za skrubu usizifunge utepe mweupe wa mafundi bomba. Sensa ina waya mmoja, umeme unarudi kupitia nyuzi zile zile. Tena hakikisha ni sensa ya geji hiyo. Ziko zinazofanana kwa umbo, zinaingia bila shida, lakini zimetengenezewa geji nyingine, na mshale utadanganya mpaka kiama. Sufuria ya maziwa ya mamako usiiguse. Kibandani mna kopo tupu.

Vyote vikiwa vizima, uamini mshale. Themostati ya oili hufunguka karibu na digrii 85. Injini ikiwa ya moto na mabomba yanayopita chini ya mlango wa kulia kwenda mbele yakawa baridi, themostati imekwama, oili haifiki mbele kupozwa. Na kiasi cha oili utakipima injini ikiwa moto na inanguruma, gari mahali tambarare. Ukipima asubuhi baridi utadhani imepungua, utajaza, itakumwagikia.

Mwenye gari anakwambia 911 ni gari la Safari Rally, halichoki. Gari zuri, sibishi. Lakini 1974 Msweden Björn Waldegård alikuja nayo akawa wa pili nyuma ya Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh, na 1978 Vic Preston Jr. akawa wa pili nyuma ya Peugeot. Na wale walikuwa na mafundi wakiwangojea njiani. Wewe Taru utakuwa na nani?

Lile gari jeupe la mteja, lililoingia gereji ulipokuwa kidato cha pili, nalo mshale wake ulikuwa ukipanda. Mteja alikuwa na haraka. Waya uking'olewa mshale hulala, na mteja huondoka ametulia. Injini ilikwama Maungu. Siku ile gereji hapakuwa na fundi mwingine. Wewe uliambiwa bangili za mamako ziliuzwa kwa ajili ya karo. Karo nilikuwa nayo.

Kwa hiyo usiung'oe, mwanangu. Mwenye gari akikuharakisha mwambie babako amekataa, nipe mimi lawama.

Mamako amekufungia mahamri na achari ya embe. Usiviweke kwenye kile kiti cha nyuma, pale pana joto la injini, vitaharibika kabla ya Voi. Vidonge vyake vya presha vimebaki vya wiki moja. Ile dawa uliyoleta mara ya mwisho ilimfaa zaidi kuliko ya hapa, basi ukipata nyingine mpe mtu wa basi. Maji bado tunanunua ya mkokoteni. Bomba la jikoni linavuja, ulisema utalitazama ukalisahau, sikulaumu, nimelifunga kwa kipande cha tyubu. Kaka yako anataka kuja kwako likizo ajifunze kazi. Mpokee. Mimi nilimshika yeye mkono gerejini kwanza, wewe nikakuacha mlangoni miaka mingi, na spana ulizishika mwenyewe.

Spana yangu namba 13 unayo kwenye boksi lako. Nimeiona. Kaa nayo.

Ukifika Voi simama, zima injini, unywe chai, unipigie. Usiniambie umefika salama. Niambie mshale ulikuwa wapi.

Babako