Jumamosi: mechi ya Devils, na yule wa sanamu

Wadau, habari za jioni. Kwa wageni mnaouliza yule wa sanamu nje ya Prudential Center, uwanja wa Devils hapa Newark, ni nani: ni Martin Brodeur, kipa wa Devils, timu ya hoki ya barafu ya New Jersey, kwa zaidi ya miaka 20. Ushindi 691, mechi 125 bila kufungwa hata bao, Kombe la Stanley (ubingwa wa ligi ya NHL) mara 3. Alimalizia kucheza timu ya St. Louis (tuyaache hayo), 2018 akarudi ofisini Newark, kwanza upande wa biashara, 2022 akawa kigogo wa shughuli za hoki. Kipa aliyetoka golini kucheza kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafu) mpaka ligi ikawachorea makipa mipaka nyuma ya goli, ungemwekaje kwenye biashara tu?

Tukutane hapo sanamuni saa 12 jioni. Makoti jamani, ndani baridi. Ambao hamjalipia tiketi, mcheki mweka hazina leo.