Konvata si ya kuuza tu

Bwana Mhariri,

Ile ripoti yenu ya konvata, kile kifaa cha kusafisha moshi wa gari, kuibwa kwa magari ndio imenifanya niandike, na nimewasoma miaka 18 bila kuwaandikia hata mstari. Mlihesabu pesa tu, yale madini ya ndani, platinamu bei gani, paladiamu bei gani, hakuna mahali mlisema hiyo kitu hufanya kazi gani pale chini ya gari.

Nilifundisha kemia so wacha niseme. Ndani kuna sega kama la nyuki, la udongo uliochomwa, na hayo madini yamekalia oksidi mchanganyiko ya metali mbili, seriamu na zirkoniamu, inayoshika oksijeni ikizidi kwa moshi na kuiachilia ikipungua, ndio kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, igeuke kaboni dayoksaidi. Toa sega, na kaboni monoksaidi inatoka vile ilivyo, haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Mwaka jana nilipeleka gari gareji fulani ibadilishwe gasketi ya ekzosi, ile ya kuziba kiungo cha bomba la moshi, fundi akaniambia mwalimu chukua, sasa itapumua vizuri. Kumbe amekata konvata akachomelea paipu tupu, na hiyo gasketi hata hakuikaza, moshi ukawa unaingilia chini. Tukanaswa na jam Thika Road, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, mjukuu wangu huko nyuma analia kichwa kinamuuma, mara anataka kutapika, na mimi namwambia vumilia tunafika, mimi niliyefundisha hiyo gesi miaka yote! Nilipokumbuka nilisimama katikati ya barabara nikafungua milango yote, watu wakinipigia honi na matusi juu. Kurudi gareji, eti hawajui konvata ilienda wapi.

Na jiko la makaa nalo, kila Julai mnaandika "wamekufa usingizini" mnaishia hapo. Soja wetu hulala nalo kwa kibanda, anasema akifunika moshi ukaisha ni salama. Lakini makaa hutoa gesi hiyo hiyo hata bila moshi, na jiko halina konvata! Kuna Hopkalaiti ya kugeuza hiyo gesi, oksidi za manganizi na shaba, iliundwa Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inafanya kazi bila joto, lakini unyevu unaiua, ndio maana iko kwa barakoa za migodini na si kwa nyumba ya mabati. Hiyo mngeandika.

Nataka fundi akitoa konvata akupatie ile ya zamani mkononi kabla hujalipa hata shilingi. Na kwa inspeksheni mita ya gesi iingizwe kwa ekzosi injini ikiwa imechemka, kwa sababu ikiwa baridi konvata nzima na paipu tupu zinakaribiana, na namba isomwe mwenye gari akiwa hapo anaiona.

Mwalimu mstaafu,
Kahawa West, Nairobi