Chumvi ya mkojo mmeiacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu fosforasi ilisimulia vizuri jinsi Hennig Brand wa Hamburg alivyochemsha mkojo mwaka 1669 akitafuta dhahabu, akaambulia kitu kinachong'aa gizani. Kisha mwandishi akaruka hadi kwenye viwanda vya viberiti. Hapo katikati ameiacha chumvi ambayo kwangu mimi ina thamani kuliko mng'ao wenyewe.

Mkojo uliooza ukichemshwa mpaka ukawa mzito kama asali, ukaachwa upoe, hujitenga chembechembe za chumvi. Ndani yake mna sodiamu, amoniamu na fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Wakemia wa zamani waliiita chumvi ya ulimwengu mdogo, kwa kuwa waliamini mwili wa mtu ni ulimwengu mzima uliofupishwa. Andreas Marggraf wa Berlin, yule yule aliyeonyesha mwaka 1747 kuwa sukari ya bitiruti haina tofauti na ya miwa, aliichambua chumvi hii miaka hiyo ya 1740 na kuthibitisha kwamba fosforasi ya mkojo chimbuko lake ni humo.

Baadaye Waswidi waliokuwa wakichunguza mawe ya migodini waliipa kazi nyingine: kutambua kwa rangi ni metali gani imo ndani ya jiwe. Vifaa vyao vilikuwa taa, waya wa platini na mrija wa kupulizia moto, mfano wa ule wa sonara. Mmoja wao, mkemia Johan Gahn, hakuwa akisafiri bila mrija wake, hata safari iwe fupi. Kupuliza kwenyewe kulitaka ufundi: mashavu yajazwe hewa, pumzi ivutwe kwa pua, mwale usikatike. Mpiga zumari wa pwani yetu angeelewa mara moja.

Mimi nilionyeshwa na mwalimu wangu, na hadi leo naona kama jana. Unapinda ncha ya waya iwe kitanzi kidogo, unaipasha moto, unaichovya kwenye chumvi, unairudisha motoni. Chumvi inatokota na kutoa povu, maji na amonia vinaondoka, halafu inatulia na kubaki tone la kioo kisicho na doa. Ni ushanga hasa. Ungali moto, unaugusisha kwenye unga wa jiwe, chembe moja tu inatosha, kisha unaurudisha kwenye mwale. Kobalti inaupa buluu iliyokolea. Kromiamu inaupa kijani. Manganizi inaleta zambarau, na ukiusogeza ushanga kwenye sehemu ya ndani ya mwale, ambako oksijeni ni haba, zambarau yote inatoweka mbele ya macho yako. Silika, ile iliyojaa kwenye mchanga, nayo inakataa kuyeyuka, inabaki inaelea ndani ya kioo kama mifupa ya lile jiwe. Mwalimu alinipa kioo cha kukuzia niitazame. Sikutaka kukirudisha.

Shule moja niliyofundisha ilikuwa na kichupa cha chumvi hii, kidogo kama cha dawa ya macho. Siku stoo iliposafishwa kilitupwa pamoja na vitu vilivyoandikwa "havitumiki". Niliumia sana. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wakikariri rangi za madini kutoka kwenye jedwali, mistari kumi na zaidi, na wengi hawajawahi kuiona hata moja ikitokea.

Wala siku hizi hakuna haja ya mkojo. Fosfeti ya sodiamu na kloridi ya amoniamu zikiyeyushwa pamoja kwenye maji ya moto, chumvi hii hujitenga maji yanapopoa, na ile chumvi ya kawaida ya mezani hubaki majini. Ikikosekana kabisa, boraksi nayo hufanya ushanga, ingawa mifupa ile ya silika huonekana vizuri zaidi kwenye ushanga wa fosfeti.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa sayansi uirudie habari hii, safari hii mkianza na chumvi. Mkihitaji picha, waya ninao bado, na ushanga wa kobalti nilioutengeneza mwaka niliostaafu haujapoteza buluu yake.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga